Dakika Arobaini na Nane za Chelimo

Siku ya soko Bomet mtu hatembei, anasukumwa. Bonareri alisukumwa kutoka kwa wauza mitumba hadi kwa wauza kuku, na kutoka kwa kuku hadi mlangoni pa kibanda cha fundi wa simu. Kwa kuwa huko ndiko alikokuwa akienda, hakulalamika. Alivaa sketi ya rangi ya maziwa, sweta ya kijani ya kazini, na viatu vyeupe ambavyo mtu mwenye akili timamu havivai Bomet mwezi wa Mei. Matope yalikuwa yameshavimaliza. Alikuwa mrefu pia, urefu wa kufanya watu wamwulize kama huko juu mvua imeshaanza, na utani huo alikuwa ameuzoea tangu darasa la sita.

Simu yake ilikuwa imeangukiwa na kikapu cha majani chai kazini. Alikuwa karani wa kituo cha kununulia majani kule Kimulot, yule anayekagua mavuno ya wakulima, kuyapima na kuyakataa yakiwa magumu. Fundi aliipokea simu, akaigeuza mara mbili, akasema ni kioo tu. Aliitwa Calvince Opondo. Wazazi wake walitoka upande wa ziwa wakaja kufanya kazi katika mashamba ya chai ya Kericho, na yeye akazaliwa huko huko kambini. Shati lake la maua lilikuwa limepigwa pasi kama la bwana harusi, na Bonareri aliliangalia hilo shati zaidi ya alivyokusudia.

Kioo kipya kilipowaka, ujumbe ukajitokeza katikati yake: Majani Mawili, mechi yako ya ligi ni kesho. Calvince aliweka bisibisi chini.

"Hii simu ni ya nani?"

"Si nimekuletea mimi?"

"Naulizia timu. Hii Majani Mawili ni ya brathako?"

"Ni yangu. Shida iko wapi?"

Shida ilikuwa kwamba kwa miezi mitatu Calvince alikuwa akipigwa na timu hiyo, na kila akipigwa alimwandikia mwenye timu maneno ya uchungu. Alikuwa akimwita mzee. Wakati mmoja alimshauri astaafu akachunge ng'ombe. Bonareri alimtazama, akatazama jina la timu lililochorwa kwa wino kwenye ukuta wa kibanda, Silibwet Radi, akaelewa yote kwa mpigo mmoja.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Ng'ombe wangu wanakusalimia."

Calvince alicheka mpaka mteja wa nyuma akauliza kama kazi imesimama. Siku hiyo kioo kilichukua saa mbili kuwekwa, na hakuna fundi duniani anayehitaji saa mbili.

Gemu lenyewe ni la watu wenye subira. Hakuna kubonyeza vitufe mbio mbio. Unapewa timu ya mpira wa kikapu mtandaoni, unapanga nani acheze wapi, kisha Jumamosi saa tisa kompyuta inachezesha mechi yenyewe nawe unasoma kilichotokea. Kila wiki mchezaji anaweza kufundishwa jambo moja, lakini hafundishiki mpaka acheze dakika zote arobaini na nane katika nafasi inayohusika na jambo hilo. Ukitaka jitu refu lijue kupiga pasi na kumkaba mtu mwepesi, lazima ulipeleke namba moja, nafasi ya wale wafupi wanaoendesha timu, likahangaike huko. Likikaa namba tano chini ya kikapu, utashinda, ila halitajifunza kitu. Kwa hiyo mameneja hugawanyika. Calvince alikuwa mtu wa mbinu. Alisoma wapinzani kwenye daftari, akajua nani anachoka mapema na nani hana mtu wa ndani, akashinda kwa ujanja akiwa na kikosi cha wazee. Bonareri alikuwa mjenzi.

Na jengo lake lilikuwa Noah Chelimo. Gemu ndilo lililompa jina hilo, pamoja na mita mbili na sentimita nane. Bonareri alimpata akiwa na miaka kumi na minane ya kompyuta, hajui kitu, na kwa zaidi ya mwaka mmoja alimchezesha namba moja kila wiki, akipoteza mechi alizoweza kushinda. Alitaka aingie timu ya taifa ya vijana ya Kenya, humo humo kwenye gemu, kabla hajazidi umri. Alikuwa amehesabu wiki kwa kalamu. Kocha wa timu hiyo, meneja wa Homa Bay aitwaye Wilkista, alikuwa ametangaza kwamba ukabaji wa namba moja wake lazima ufike alama kumi na tatu. Kila wiki ikitumika vizuri, Chelimo angefika siku ileile orodha inapofungwa.

Mapenzi yao yalianzia kwenye ubishi huo. Calvince alipiga simu saa ya chakula cha mchana, Bonareri akiwa amekaa juu ya mizani iliyozimwa na kikombe mkononi.

"Nyar Kisii, niambie ukweli. Mtu wa futi saba unamweka na wafupi afanye nini?"

"Ajifunze, Kocha."

"Anapotea huko. Anafanana na ngamia kwa soko ya mbuzi."

"Wewe tafuta pesa ya kununua daftari ingine. Hiyo yako imejaa vilio."

Calvince alimwita Nyar Kisii, binti wa Kisii kwa lugha ya kwao; Bonareri alimwita Kocha kwa kumchokoza, kisha jina likawa tamu mdomoni mwake, akashindwa kuliacha. Siku za soko walikula chapati na maharagwe pamoja. Calvince alikuwa mfupi kuliko yeye kwa vidole vitatu na hakujali hata kidogo. Alitembea kando yake kifua mbele, akiwasalimia wote waliomkodolea macho. Kufikia Agosti, Bonareri alijua kwamba anampenda, na alijiambia hivyo waziwazi akipima majani ya watu.

Kulikuwa na jambo moja. Bonareri ni Msabato, wa kwenda kanisani Jumamosi asubuhi na kurudi jioni. Tangu jua la Ijumaa lizame hadi la Jumamosi lizame, simu yake ilikuwa imezimwa ndani ya kabati. Timu aliipanga mapema Ijumaa na kumwachia Mungu. Mara mbili mchezaji wake aliumia Ijumaa usiku, hakuna aliyembadilisha, na Majani Mawili wakacheza wakiwa na pengo. Calvince anaabudu Jumapili, kwa hiyo Jumamosi hana kizuizi. Bonareri alifikiri wiki nzima kabla ya kumpa neno la siri.

"Kazi yako ni moja," alimwambia. "Mtu akiumia, weka mwingine. Chelimo usimguse."

"Simgusi, mpenzi. Naapa."

Na kwa wiki sita hakumgusa. Wiki ya saba ikawa fainali ya ligi, Majani Mawili dhidi ya timu ya Orina, mwenye duka la vipuri vya pikipiki pale Bomet, ambaye alikuwa ametangaza kwa kila mtu kwamba mwanamke wa majani chai atalia. Jumamosi hiyo asubuhi Calvince alifungua ukurasa wa timu ili kuziba pengo lolote, akaona ambacho angeweza kukiona yeye peke yake: Orina alikuwa amechosha watu wake wa ndani wiki nzima, na chini ya kikapu kulikuwa wazi kama uwanja wa shule wakati wa likizo. Jitu moja pale, na mechi ingeisha. Alikumbuka kiapo. Alikumbuka pia mdomo wa Orina. Akamtoa Chelimo namba moja, akampeleka namba tano, akaona amempa mpenzi wake zawadi ambayo hakuna fundi mwingine wa simu angeweza kumpa.

Jua lilipozama nyuma ya vilima, Bonareri alitoa simu kabatini. Ilianza kulia kabla hajaketi.

"Bingwa," Calvince alisema, karibu aimbe. "Tumempiga kwa pointi kumi na tisa. Orina amefunga duka mapema."

Bonareri alikuwa ameshafungua ukurasa wa mafunzo. "Chelimo amecheza namba moja dakika ngapi?"

"Bona, tumechukua ligi."

"Nimeuliza dakika."

"Sufuri," akasema. "Lakini alifunga pointi thelathini na moja, ungemwona..."

"Wiki imepotea, Calvince. Sasa hafiki."

"Si ni wiki moja tu? Ni gemu, mpenzi."

Bonareri alikata simu. Alibadilisha neno la siri kabla ya kuvua viatu vya kanisani, na kwa siku nane hakupokea simu yake hata moja. Alilia mara moja, Jumapili, akifua, na kilio hicho kilimkasirisha zaidi kuliko kushindwa. Kisha akapiga moyo konde, akampanga Chelimo namba moja kwa wiki zote saba zilizobaki, ingawa hesabu ilikuwa wazi. Angeishia kumi na mbili.

Calvince alikuja Kimulot Jumapili ya pili, ametoka kanisani kwake na mkate na sukari kwenye mfuko, shati limepigwa pasi hadi mikunjo inauma. Bonareri alikuwa amepanga chumba katika boma la mama mmoja mkulima, Esnah. Ili kufika ilibidi kupita shambani mwake, na Calvince alisimama katikati akashika kichwa. Michai yote ilikuwa imekatwa hadi magotini, vijiti vitupu, hakuna jani.

"Mama, pole sana," alimwambia Esnah. "Nani amekufanyia hivi?"

Esnah alicheka mpaka akashika kiuno. Alimweleza kwamba amepogoa mwenyewe, kwamba kila baada ya miaka michache lazima, na kwamba angekaa miezi mitatu bila kuvuna chochote halafu aone majani laini ambayo huyo karani wake hatathubutu kuyakataa. Calvince, mtoto wa kambi za chai, aliona haya. Baba yake alikuwa mtu wa mashine kiwandani na yeye hakuwahi kulitazama shamba kwa makini.

Bonareri alikuwa amesikia yote akiwa mlangoni. Alimkaribisha chai, akamwacha anywe nusu, ndipo akasema.

"Unajua mimi nilicheza kikapu shule?"

"Hujawahi niambia."

"Form one mwalimu aliniangalia hivi, kutoka miguu mpaka kichwa, akasema namba tano. Nilimwambia nataka kuendesha mpira. Akasema urefu usipotezwe. Miaka minne, Calvince. Kila siku chini ya kikapu, naruka, nagongwa, tunashinda. Halafu tukaenda kuchaguliwa timu ya mkoa. Huko kulikuwa na wasichana warefu kuniliko. Wakaniambia basi cheza nje, wewe ni mwepesi. Sikujua kudunda mpira hata mara tatu. Hakuna mtu alikuwa amenifundisha, kwa sababu tulikuwa tunashinda."

Calvince aliweka kikombe chini polepole.

"Nilipompata Chelimo nikasema huyu hawatamfanyia hivyo," aliendelea. "Na wewe ndiye ukamfanyia. Ukamwona mrefu, ukamweka chini ya kikapu."

Calvince hakuomba msamaha kwa maneno mengi, na hilo lilimsaidia. Alisema amekosa, akasema pia kwamba alikuwa ameapa na akavunja, na kwamba kosa la pili lilikuwa baya kuliko la kwanza. Kisha akauliza kama kuna la kufanya. Bonareri akamwambia hakuna. Atamaliza wiki zilizobaki, na Chelimo asipochaguliwa, atakosa akiwa amejengwa hadi siku ya mwisho.

"Na mimi?"

"Wewe nenda kwanza," alisema Bonareri. Alimsindikiza hadi barabarani kwa sababu ndivyo mgeni anavyosindikizwa, lakini hakumpa mkono.

Wiki zilizofuata aliona mambo ya ajabu. Msimu mpya wa ligi ulikuwa umeanza, na Silibwet Radi, timu iliyokuwa ikishinda kwa ujanja mtupu, ikaanza kupigwa. Ilipigwa kwa pointi kumi, ikapigwa kwa ishirini na nne, ikapigwa na timu ambayo mwenyewe alikuwa ameisahau tangu Krismasi. Baada ya mechi nne ilikuwa ya mwisho. Orina aliandika kwenye ukuta wa ligi mtandaoni kwamba fundi amechanganyikiwa na mapenzi. Bonareri alidhani Calvince amesusa, kama mtoto aliyeondoka na mpira wake, na moyo wake ukamuuma kwa namna mbili. Alimkasirikia na alimkosa. Usiku wa Jumatano alipiga namba yake, ikalia mara moja, akakata.

Kesho yake ilikuwa siku ya majani. Kituo kilijaa wakulima na vikapu vyao, mvua imesimama kidogo, kila mtu akitaka apimiwe kabla lori halijafika. Bonareri alikuwa ameshika konzi ya majani ya mzee mmoja, akitafuta magumu, alipoona shati la maua kwenye foleni. Calvince hakuruka mtu. Alisimama nyuma ya mama mwenye kikapu, zamu yake ikafika, akaweka daftari juu ya mizani.

"Sijatuma kwa mtu yeyote," alisema. "Nimekuja kukuuliza wewe kwanza."

Ghafla hakuna mkulima aliyekuwa na haraka tena.

Alimweleza kwa sauti ya chini. Katika timu yake alikuwa na mzee mmoja mrefu ambaye ukabaji wake ulikuwa kumi na mbili kamili, sawa na pale Chelimo atakapoishia. Alimtoa chini ya kikapu, akampeleka namba moja, akajaribu. Mechi ya kwanza kila mtu akamkaba mtu wake, mzee akapitwa kama mti. Ya pili na ya tatu akageuza mambo kidogo kidogo. Ya nne akaacha kabisa kukaba mtu kwa mtu; kila mchezaji akalinda eneo lake, na yule mrefu akasimama mbele na mikono yake. Walipoteza hata hiyo, maana hao wengine walikuwa wazee na pumzi ziliwaishia. Lakini kwa dakika zote alizocheza, wapinzani walipoteza mpira mara kumi na tisa. Pasi hazikupita juu yake.

"Kumi na mbili inatosha," alisema, "kama timu inalinda maeneo. Kumi na tatu inahitajika tu kama unakaba mtu kwa mtu. Wilkista hajawahi ona namba moja wa urefu huo, ndio maana hajafikiria. Lakini Chelimo ni wako. Ukisema nirudi nyumbani na hii daftari, narudi."

Bonareri alifungua kurasa. Mwandiko ulikuwa wa mtu anayeandika huku akisoma matokeo. Mahali pengine wino ulikuwa umetoboa karatasi. Alifika ukurasa wa nne, akasimama.

"Ulimpumzisha robo ya tatu. Kwa nini?"

"Alichoka."

"Alichoka kwa sababu ni mzee. Chelimo ana pumzi, mimi nimemfundisha kukimbia tangu mwanzo. Hapa andika acheze zote." Alichukua kalamu ya risiti, akaandika mwenyewe. "Na unaelekea kushuka daraja, si ndio?"

"Msimu ndio umeanza. Lakini ndio, nikiendelea hivi nashuka."

"Wewe, mtu wa kushinda."

"Nilitaka kujua vile inakaa," Calvince alisema. "Inauma sana, Bona. Na wewe umefanya mwaka mzima."

Yule mama mwenye kikapu aliuliza kama daftari lina kilo ngapi. Foleni yote ilicheka, na Bonareri alicheka nayo hadi machozi yakamtoka. Alimwambia Calvince asimame kando, akapima vikapu vyote vilivyobaki bila kukosea hata kimoja, na lori lilipoondoka wakaketi kwenye benchi ya wakulima wakiwa na daftari katikati yao. Walibishana mpaka saa kumi na mbili. Calvince alitaka barua ya kwenda kwa Wilkista ianze na mbinu. Bonareri alitaka ianze na Chelimo, wiki kwa wiki, tangu siku alipokuwa hajui kitu. Mwishowe ukurasa wa kwanza ukawa wa Chelimo na wa pili ukawa wa mbinu. Bonareri ndiye aliyeituma, kwa jina lake.

Wilkista alijibu baada ya siku nne, kwa swali moja tu: huu mpango ni wa nani? Bonareri aliandika kwamba ni wa watu wawili. Hakukuja jibu lingine. Wiki mbili zilizobaki alimchezesha Chelimo namba moja kama kawaida, na ukabaji ukaishia kumi na mbili, palepale hesabu iliposema.

Orodha ilitoka Jumanne mchana. Bonareri alikuwa kituoni, simu mfukoni mwa sweta, hataki kuitazama. Ililia.

"Umeona?" Calvince aliuliza kutoka Bomet.

"Sijafungua. Nisomee."

Alianza kusoma majina polepole, namba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Bonareri alishika ukingo wa mizani. Ya nane haikuwa. Ya kumi haikuwa. Sauti ya Calvince ilianza kutetemeka kwenye la kumi na moja, naye akajua.

"Kumi na mbili," Calvince alisema. "Noah Chelimo. Mita mbili na nane. Nafasi, namba moja."

Bonareri aliketi juu ya gunia. Alifurahi. Aliwaza msichana wa sketi ya michezo aliyeambiwa urefu usipotezwe, akatamani kumwonyesha maneno hayo mawili, namba moja, yaliyoandikwa baada ya jina. Calvince alimngoja. Alikuwa amejifunza kungoja.

"Kocha," akasema hatimaye. "Njoo Ijumaa kabla jua kuzama. Nikupatie neno la siri jipya."

"Nitakuja. Lakini kuna kitu kingine nataka kukuuliza kwanza."

"Uliza."

"Nataka kuja kwenu Kisii, na wazee wangu. Kwa baba yako. Nije vizuri."

Mkulima wa kwanza alikuwa ameshafika na kikapu chake, akakiweka chini na kujifanya hasikii.

"Huko kwetu wajomba wanauliza maswali mengi," alisema Bonareri. "Na shangazi zangu watakuambia wewe ni mfupi. Utakaa kimya, utapelekwa huku na kule, hutapanga chochote. Itakuwa nafasi hujawahi cheza."

"Niweke hapo."

"Na ukichoka robo ya tatu?"

"Usinitoe," Calvince alisema. "Niache zote arobaini na nane."

Bonareri alisimama, akapangusa mizani kwa mkono wa sweta.

"Basi njoo," akamwambia, kisha akainama kupokea kikapu.